Baba Yako Hakupanda Lori

4 Februari

Mwanangu,

Baba yako hakupanda lori. Hakuna lori lililosimama kwenye kituo cha mafuta asubuhi ile, na hakuna mtu aliyemwona akirusha mfuko wake juu ya magunia. Mimi niliyewasimulia hayo niliyatunga nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda changu, viatu vikiwa bado vimelowa. Nimelificha jambo hili tangu ulipokuwa ukibadilisha meno ya utotoni. Baba yako alifia majini, kwenye bwawa lile lile linaloleta maji mjini, siku moja kabla ya siku niliyosema amesafiri.

Nimeanza vibaya, najua. Barua huanza na salamu. Lakini hii nimeiandika mara nyingi nikianza na salamu, na kila mara nilifika mwisho wa ukurasa nikiwa nimeeleza hali ya paa na ya goti langu, nikatia sahihi, nikalala. Safari hii nimetanguliza lile ambalo huwa linanitoroka.

Sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Wanao hawajambo? Nyonga ya mama yako inaendeleaje? Mimi nipo, kwa namna mzee anavyokuwepo. Figo zimegoma. Daktari, kijana mwenye adabu zake, aliyazunguka maneno mpaka nikamwonea huruma, nikamwambia, "Sema tu, mwanangu, mimi ni mkemia, majibu ya damu nimeshayasoma kabla yako." Akacheka, kisha akaacha kucheka. Masikio nayo yamekwisha kabisa. Usinipigie simu, utamchosha jirani bure kupokea na kunipigia kelele. Niandikie.

Jirani ni yule yule fundi saa tunayemwita Dakika Tano, kwa kuwa humwambia kila mteja arudi baada ya dakika tano. Tunacheza drafti mlangoni kwake, na nikisinzia ananiibia kete. Nikiwa na nguvu nachonga maboya ya kuvulia kutoka kwenye ndala kuukuu. Nyekundu ndizo bora, huonekana majini hata jua likikupiga usoni. Nachonga kwa mazoea tu. Bwawani sijafika tangu mwaka jana. Miguu imeukataa ule mteremko.

Kilichonisukuma ni barua yako ya mwezi uliopita. Umesema mama yako amekataa kuhamia kwako, pamoja na nyonga ile, kwa sababu "akirudi atanikuta wapi?" Ukaniomba mimi, mkubwa wa ukoo, nimshawishi. Mwanangu, mimi ndiye mtu wa mwisho anayefaa kumshawishi. Kaa naye umwambie mwenyewe, utakavyoona. Mengine sitaki kuyaandika, na sidhani yatakusaidia.

Baba yako Mkubwa


27 Februari

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Watoto hawajambo, hawajui ninachokuandikia. Kazini wodi ya mifupa imejaa hadi koridoni; mwezi huu kila mtu ameamua kuanguka. Mama anatembea kwa kushika ukuta na hataki kusikia habari ya mkongojo, anasema huo ni wa wazee.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya masanduku ya posta. Nikaisoma tena nimekaa kwenye ngazi. Mlinzi akaja akaniuliza, "Dada, umefiwa?" Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza, "Lini?" Nikaikunja barua, nikashuka ngazi.

Unajua Mama ameishi vipi miaka yote hii? Mtaani walimwita Bibi Lori. Shuleni watoto wakiniona walipiga honi kwa midomo. Mama aliwazidi kete kwa kucheka kabla yao. "Akirudi," husema mpaka leo, "nitamfungulia mlango, nitampa kiti, nitampa maji anawe uso. Halafu nitamtukana mpaka ajute kwa nini dereva hakumtupa njiani." Akitoka, hata kwa kwenda hospitali tu, huacha ufunguo kwa jirani na kumwagiza, "Mwenyewe akija, mpe." Nawe ulikuwa ukitutembelea kila mwisho wa mwezi. Ulikaa kwenye kiti chake, ukayasikia haya yote, ukatikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia shemeji yake.

Nakumbuka kitu kimoja. Hukuwahi kunywa maji kwetu. Mama alikuletea glasi juu ya sahani, ukaizungusha, ukaiacha. Alidhani unatudharau kwa sababu wewe ni msomi na yeye ni mke wa mchora mabango. Akawa anayachemsha mara mbili, anayachuja kwa kitambaa kipya, na bado ukayaacha. Ilikuwa kwa sababu hiyo? Nijibu.

Na unijibu alikufaje. Umeandika "alifia majini", ukanyamaza. Mimi ni muuguzi, naandika ripoti kila nikimaliza zamu. Nazijua sentensi za mtu asiyetaka kuulizwa.

Mama sijamwambia.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa kuwa nililazwa, nikatoka, nikalazwa tena. Dakika Tano alinitunzia nyumba. Kwa shukrani zangu ameifungua saa yangu ya ukutani ili aisafishe, na sasa vyuma vyake viko kwenye sahani, eti bado dakika tano. Nimefurahi watoto ni wazima. Mwambie mama yako mkongojo si wa wazee, ni wa wenye akili. La, usimwambie kuwa nimesema mimi.

Ndiyo, ilikuwa kwa sababu hiyo. Tangu siku ile sijanywa maji ya bomba. Nakinga ya mvua kwenye pipa. Maabara walinitania sana: "Mzee wa maji haamini maji yake!" Nikacheka nao. Jumatatu iliyofuata nilichukua sampuli kama kila Jumatatu, nikapima rangi, harufu na klorini, nikaandika kwamba yanafaa kwa matumizi. Na kweli yalikuwa yanafaa. Bwawa ni kubwa. Mji mzima ukanywa. Nanyi mkanywa. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Umeuliza alikufaje.

Ilikuwa Jumapili, mchana. Kuvua bwawani ni marufuku, na ubao wa katazo aliuchora baba yako mwenyewe, kwa herufi nyekundu. Kila tukipita aliugonga kwa kidole: "Itazame hiyo M ilivyosimama, kaka. Inakaribia kunifanya nitii." Ufunguo wa lango la nyuma nilikuwa nao mimi kwa sababu ya kazi, kwa hiyo bwawa lilikuwa letu sisi wawili.

Mahali petu palikuwa kwenye kona ambako bonde lilijazwa maji kabla miti haijakatwa. Miti ile bado imesimama huko chini, imekufa lakini haijaanguka, na kambale wakubwa hukaa katikati yake. Wengine huvua kambale kwa minyoo au kwa kipande cha sabuni. Mimi nilivua kwa vijiko. Unakata mpini wa kijiko cha chai, unatoboa huku na huku, unatia pete upande mmoja na ndoana ya ncha tatu upande wa pili, kisha unakisugua kwa majivu mpaka king'ae. Ukikivuta majini kinayumba kama kisamaki kilichoumia, na kambale hawezi kuvumilia kukiona. Marehemu mama yako mkubwa, mke wangu, alikuwa akivificha vijiko vyake uvunguni. Kukitengeneza kimoja vizuri kulikula jioni nzima, kwa hiyo sikukubali kukipoteza. Ndiyo maana nilitumia mshipi mnene kuliko wote uliokuwa dukani, ule wa wavuvi wa baharini, na siku ile ulikuwa mpya, nimeufunga asubuhi. Baba yako alinicheka kwamba navua kwa kamba ya kuanikia nguo.

Ndoana iliponasa kwenye mti, yeye ndiye aliyeingia majini. Mimi sijui kuogelea. Niliukaza mshipi kutoka ukingoni, yeye akaufuata kwa mkono, akazama nao mpaka kwenye tawi, akainasua ndoana, akaibuka anatema maji na matusi. Tulifanya hivyo tangu ujana. Hatukuiona kuwa hatari. Tuliuona kuwa mgawanyo wa kazi.

Jumapili ile kijiko kilinasa mbali. Nikamwambia, "Haya, ingia." Akasema, "Kaka, shemeji ana vijiko vingine." Nikamwambia, hicho kinacheza vizuri kuliko vyote. Akavua shati, akaingia. Akazama, mshipi ukakatika, hakuibuka.

Basi. Nilinyamaza kwa kuwa ningefukuzwa kazi, labda kufungwa, na nilikuwa nimeahidiwa ukuu wa maabara. Naye alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba atakwenda kutafuta kazi mbali, kwa hiyo safari ilikuwa tayari kwenye midomo ya watu. Mimi niliongeza lori tu. Nilikwenda kwenye kibanda chake, nikauchukua mfuko wake wa brashi ili ionekane ameondoka nao.

Mwaka ule wa ukame, mji mzima uliomba mvua ili upate maji. Mimi niliomba ili ile miti isitokeze. Vilele vyake vilipoanza kuonekana niliomba likizo ya ugonjwa, nikalala nimeugeukia ukuta mpaka mvua ikanyesha.

Kwenye duka la dawa la kona walipaka rangi upya zamani, juu ya maandishi yake. Rangi ile sasa inafifia na herufi zake zinapanda kutoka chini, kila mwaka kidogo zaidi. Nimebadilisha njia.

Baba yako Mkubwa


11 Mei

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Pole kwa kulazwa. Sisi hatujambo. Mkubwa amefaulu mtihani, mdogo amevunja kidirisha cha jirani, kwa hiyo mambo yako sawasawa.

Nimemwambia Mama. Nilikwenda Ijumaa baada ya zamu, nikamkuta anachagua mchele. Nikasema, "Mama, Baba alikufa. Alizama bwawani. Hakutuacha." Hakulia. Aliendelea kuchagua mchele, akamaliza ungo mzima. Kisha akasema, "Nipeleke kwa jirani." Nikamshika mkono tukaenda, akagonga, akasema, "Naomba ule ufunguo wangu. Hatakuja." Jirani akaanza kumpa pole, Mama akamkatiza: "Pole ya nini, ulishanipa ya lori."

Tuliporudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha Baba. Hajawahi kukikalia. Akaniuliza swali moja tu: "Alikuwa peke yake?"

Nilimwambia sijui, nitauliza. Kwa hiyo sasa na mimi nina siri ya kumficha. Umenirithisha mapema, Baba Mkubwa, kabla hujafa.

Ameuliza tena jana na leo. Anasema, "Kama alikuwa peke yake, basi, nitamlilia hivyo hivyo. Kama palikuwa na mtu, nataka kujua mwisho alisema nini. Siwezi kumlilia nusu." Mizigo haijafungwa. Kuhama hataki, kulia hataki, anangoja jibu.

Sasa nisikilize. Tuna dereva wa gari la wagonjwa, tunamwita Masharubu. Siku zake za mapumziko zote ziko mtoni. Nilimwomba anichukue. Nilitaka kuona ni kitu gani kilichokuwa kitamu kiasi hicho kwenu. Alinifundisha kutia chubwi la risasi kwenye mshipi ili uzame, alinifundisha kufunga ndoana, akanicheka nilipomwonea huruma mnyoo. Nilikamata perege mmoja mdogo kama kiganja. Nakiri kwako, moyo ulinidunda kama wa mwizi. Nilimrudisha majini, Masharubu akasema, "Sista, utatulaza na njaa."

Halafu nikamwambia nataka kujaribu mshipi mnene, wa baharini. Akanipa. Nikautupa kwa makusudi kwenye gogo lililozama, ukanasa. Nikavuta. Nikavuta kwa uzito wangu wote, na wewe unanijua mimi si mwembamba. Masharubu akaja tukavuta wote wawili. Ulinichana kiganja, nimeshonwa na mwanafunzi wangu mwenyewe. Mshipi haukukatika. Mwisho alitoa kisu.

Nimekaa na barua yako ya mwezi wa nne na mkono wenye bandeji. Umeandika kwamba mshipi ulikuwa mnene kuliko wote dukani, na mpya, umeufunga asubuhi. Mistari michache mbele umeandika kwamba ulikatika.

Baba Mkubwa, ulikatikaje?

Mwanao


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa mtihani wa mkubwa, na kidirisha ni sehemu ya kukua. Mkono umepona? Nyuzi usiziache zaidi ya siku zinazotakiwa, ingawa unajua kuliko mimi.

Nimesoma habari za perege wako nikatabasamu peke yangu. Mwambie Masharubu asitumie chubwi zito kwa perege. Perege huonja kwanza, akihisi uzito anatema. Boya liwe dogo, ndoana iwe ndogo zaidi. Nitakutumia maboya yangu mekundu, ninayo tele. Dakika Tano anataka kuyafanya kete za drafti.

Saa yangu imerudi ukutani. Inakwenda nyuma.

Kuhusu mshipi, mishipi ya siku zile haikuwa kama ya sasa. Na matawi ya chini ya maji huwa makali. Ni zamani mno, mwanangu. Mtu husahau.

Mwambie mama yako alikuwa peke yake. Ndivyo itakavyokuwa rahisi kwake.

Baba yako Mkubwa


15 Julai

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Tuko wazima.

Nilimwambia Mama kama ulivyoniagiza, kwamba alikuwa peke yake. Akasema, "Peke yake, bwawani, na ufunguo wa lango alipewa na nani?"

Hakuuliza zaidi. Alikwenda jikoni, akajaza glasi ya maji, akaiweka juu ya sahani, akaiweka mezani mbele ya kiti cha Baba, kile unachopenda kukikalia ukija. Iko pale mpaka sasa. Kila asubuhi anaimwaga, anajaza nyingine. Na mimi nikiwa pale najikuta nakizunguka kile kiti, kama kuna mtu.

Maboya yamefika. Sitaki maboya. Mama ana miaka sabini na sita na hajui amlilie mume wake kwa namna gani. Usipojibu wewe hakuna mwingine wa kujibu.

Mwanao


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Utaona mwandiko umeharibika. Niko wodini, karibu na dirisha, na muuguzi wa hapa ni mkali kama wewe. Ananipa kalamu kwa masharti. Dakika Tano huja na drafti yake, tunacheza juu ya shuka. Jana aliniachia nishinde, nikajua hali yangu ni mbaya kweli. Salimia watoto. Barua yako imekaa chini ya mto wangu mwezi mzima na zaidi. Muuguzi alidhani ni ya mpenzi.

Mpe mama yako barua hii aisome mwenyewe. Shemeji, shikamoo ya moyo, ingawa kwa umri ni wewe ungeniamkia. Hakuwa peke yake. Ufunguo ulikuwa wangu. Nilikuwa pale ukingoni, na mshipi ulikuwa mkononi mwangu.

Kuna jambo ambalo sikumwandikia binti yako. Mimi na mdogo wangu tulikuwa na ishara. Akiwa chini, akivuta mshipi mara moja, maana yake nilegeze, anainasua ndoana. Akivuta mfululizo, maana yake ndoana imemnasa yeye, na mimi nimvute kwa nguvu zangu zote mpaka ukingoni. Mshipi ule ulikuwa mnene kwa ajili ya vijiko, kweli, lakini pia kwa ajili hiyo. Ungeweza kumvuta mtu. Uliwahi kumvuta: mwaka mmoja kabla, ndoana ilimshika kaptula, nikamkokota mpaka kwenye matete, akatoka nusu uchi, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Jumapili ile alivuta mara moja. Nikalegeza. Nikangoja.

Hapo nikaliona gari la mhandisi mkuu likiingia kwa lango la juu na kuja polepole juu ya ukuta wa bwawa. Alikuwa na mke wake, wametoka kutembea, mama mwenye mwavuli wa kijani. Gari likasimama. Mhandisi akashuka, akanyoosha mgongo, akaanza kuangalia maji. Mimi nilikuwa chini, matete yamenificha mpaka kifuani. Bado hajaniona. Mwezi ule ule alikuwa atie sahihi karatasi ya cheo changu.

Na mshipi ukaanza kuvutwa mfululizo.

Nataka mwelewe niliwaza nini, si kwa kujitetea, maana halinitetei. Niliwaza kwamba yeye ni mjanja wa maji. Atajinasua. Atatokea kwenye matete na kubaki humo, pua tu nje, mpaka wale waondoke, halafu atanitukana wiki nzima. Nilimwona akifanya hivyo, kichwani mwangu, waziwazi kabisa. Nilikuwa tayari nimeanza kucheka.

Nikaisukuma fimbo ya kuvulia ndani ya matete, nikajipangusa suruali, nikapanda mteremko.

"Mkemia!" mhandisi akaniita. "Hata Jumapili?"

"Maji hayajui Jumapili, mkuu," nikamjibu.

Wakacheka wote wawili. Mke wake akaniuliza kama kweli maji ni salama, maana ana mtoto mchanga. Nikamwambia ni salama, mama, mpe bila wasiwasi. Mhandisi akaniuliza kina kimefika wapi, nikamwambia. Tukaongea juu ya mawingu. Nilisimama nimeyapa maji mgongo muda wote, na nikajizuia nisigeuke, kwa sababu ningegeuka wangetazama ninakotazama. Nyuma yangu sikusikia kitu. Nilisikiliza kwa masikio haya yaliyokuwa mazima wakati ule, na sikusikia kitu chochote, hata ndege. Mhandisi alisema, "Pametulia sana huku kwako." Nikasema ndiyo, mkuu, pametulia.

Walipoondoka nilishuka mbio. Maji yalikuwa laini. Niliita mpaka sauti ikakauka. Niliingia mpaka shingoni, ndipo viatu vilipolowa, na sikuthubutu hatua nyingine. Mtu aliyeishi kwa maji maisha yake yote, na hatua moja ikamshinda.

Shemeji, umeuliza mwisho alisema nini. Chini ya maji mtu hana sauti. Alikuwa na mshipi tu wa kusema nao.

Na mwanangu, wewe umeuliza mshipi ulikatikaje. Nimeliruka hilo hapo juu, umeona mwenyewe nilivyoliruka. Nimeandika kwamba niliisukuma fimbo kwenye matete, kana kwamba fimbo yenye mtu upande wa pili inaweza kusukumwa tu ikatulia. Haikutulia. Ilikuwa inatingisha matete yote, na mhandisi alikuwa anaanza kugeuza uso upande wetu.

Mshipi haukukatika. Niliukata mimi, kwa kisu cha chambo. Ulikuwa mnene, kisu kilikuwa butu, ikabidi nikipitishe mara mbili. Nilipokipitisha mara ya kwanza mshipi ulibaki umeshikwa na uzi mwembamba kama unywele, na kati ya mara ya kwanza na ya pili nilikuwa nimeushika kwa mkono huu ninaoandikia, na alikuwa bado anavuta.